Sauti Isiyo na Mwenyewe

Petro Nandonde alifika Kimara kudai hela yake akiwa ameshika bega la mkewe, amevaa shati lake la kanisani. Walikuwa wametoka Temeke asubuhi na mapema. Jovina alikuwa uani anaanika nguo, na alipowaona wanateremka kwenye ile njia ya mawe, Sesilia mbele, Petro nyuma akiburuta mguu mmoja uliofungwa kitambaa, alifurahi. Alidhani wamekuja kusalimia.

"Jamani, wageni! Karibuni, karibuni. Baba Hope, njoo, Petro huyu hapa na mkewe."

Audax akatoka ndani kwa kufuata ukuta. Yeye na Petro walikuwa wanachama wa chama kimoja, chama cha wasioona wanaokutana Mabibo kwenye ukumbi wa parokia. Walikuwa marafiki wakubwa na hawakuwahi kuonana. Audax alikuwa karani, akapoteza macho kwa presha ya macho. Petro alikuwa mchonga vinyago, akayapoteza kwa sukari. Kila mmoja alimjua mwenzake kwa kicheko.

Siku hiyo Petro hakucheka. Alikataa kiti.

"Mwalimu, mie sijaja kunywa chai. Nimekuja uniambie kama hela yangu utanirudishia au la, nijue moja."

"Hela gani, Petro?" Jovina aliuliza.

"Ya vitabu."

Jovina akatabasamu kama mtu aliyesikia vibaya. "Vitabu ni bure. Tangu lini nikakuuzia kitabu?"

Sesilia alitoa simu kwenye kifundo cha kanga, akabonyeza, akaielekeza mbele kama anayemmulika mtu kwa tochi. Ikatoka sauti ya Jovina, tulivu, ya mtu asiye na haraka: "Karibu Tusomeane. Msomaji wako ni Mwalimu Jovina, kutoka Kimara." Mara ikaingia sauti nyingine, ya msichana, mbiombio: "Kuendelea kusikiliza, weka namba yako ya siri."

"Nikaweka," alisema Petro. "Nilikusikia wewe, nikaweka. Angeniambia mwingine nisingeweka."

Jovina alibaki na kibanio cha nguo mkononi. Tusomeane alikuwa anaijua. Lilikuwa jina la kikundi chao, watu wachache waliotawanyika mikoani, wengine walimu wastaafu kama yeye, ambao walisoma kwa sauti vitabu vya zamani, vile ambavyo waandishi wake walikufa kitambo na haki zake zimekwisha muda, wakaviweka kwenye mtandao ili yeyote asikilize. Hakuna aliyelipwa. Jovina alikuwa akijifungia chumbani, anajifunika blanketi yeye na simu yake ili kelele za bodaboda zisiingie, anasoma mpaka jasho linamtiririka kidevuni. Na kila rekodi waliianza kwa maneno yaleyale waliyokubaliana: hii ni rekodi ya Tusomeane, ni mali ya watu wote, usimlipe mtu yeyote.

Katika simu ya Sesilia maneno hayo hayakuwepo. Mtu alikuwa ameyakata, akaunganisha mbele na nyuma vizuri kabisa, hata mwenye sauti asingejua pale palikuwa na kitu.

"Hii si yetu," Jovina alisema. "Hawa ni watu wengine. Wamechukua jina letu."

"Na sauti nayo wamechukua?" Sesilia aliuliza. "Mwalimu, mie sikusoma sana. Lakini sauti ya mtu inachukuliwaje mwenyewe hajui?"

Kwenye bomba la nje ndoo zilikuwa zimejaa na maji yanamwagika, lakini wanawake majirani walikuwa wanasikiliza, hakuna aliyefunga koki. Jovina akawaomba waingie ndani. Hawakuingia. Petro akaeleza palepale, kwa sauti ya kawaida ambayo ilikuwa mbaya kuliko kelele. Ile aplikesheni ikishapewa namba ya siri mara moja, kila wiki inakata yenyewe. Ujumbe wa makato ulikuwa unakuja, lakini ujumbe anasomewa na ile sauti ya mashine ya kwenye simu, inayotamka Kiswahili kama inatafuna kokoto, na alizoea kuizima. Hela iliyokuwa inakatwa ni ile anayotumiwa na mtoto wao aliyeko Mtwara, ya dawa za sukari na kufungwa kidonda cha mguu.

"Tukaona hela hazitoshi," Sesilia alidakia. "Tukadhani mtoto kapunguza. Nikampigia mkwe wangu nikamtolea maneno ambayo sitayarudia hapa. Kumbe mtoto anatuma vilevile. Sasa hivi hata simu zetu hapokei. Na kidonda hakijasafishwa, kinanuka. Mwalimu, sogea unuse."

Jovina hakuhitaji kusogea.

"Mpe chochote, Mama Hope," Audax alisema kwa chini.

Ndani, kwenye droo ya kabati, hela ilikuwepo, si nyingi. Jovina aliifikiria. Akafikiria na wale wanawake wa bombani.

"Nikikupa, Petro, nitakuwa nimekubali kwamba niliila," alisema. "Sijala hela yako. Nitawatafuta hao walioila, nitakuletea mpaka senti ya mwisho. Lakini yangu siwezi kukupa. Nielewe."

Petro alitikisa kichwa polepole. "Nimekuelewa, mwalimu," alisema, akapapasa bega la mkewe. Wakapandisha ile njia ya mawe, na safari ya kupanda ilikuwa ndefu, kwa sababu ya mguu.

Walipokwisha kutoweka Audax aliendelea kusimama mlangoni, mikono nyuma.

"Mama Hope, mie ndiye niliyewaambia wote pale chamani. Niliwaambia Tusomeane sasa iko kwenye simu, waipakue. Nilijisifu. Nilisema ni ya mke wangu."

"Hukujua."

"Na mie nalipa."

Jovina akageuka.

"Nilidhani zinaenda kwenye kikundi," alisema Audax. "Nikasema, huyu mwanamke anajifunika blanketi kwenye joto lote hili kwa ajili yetu, angalau nichangie. Sikutaka ujue."

"Yaani tunakaa nyumba moja, halafu unamlipa mtu mwingine ili unisikilize mie?"

Jovina akarudi kwenye kamba, akamalizia kuanika.

*

Wilbert ndiye aliyeanzisha Tusomeane. Siku hizi alikuwa na kazi Dodoma, na sauti yake kwenye simu ilikuwa ya mtu anayetembea huku anaongea.

"Naijua hiyo ishu, mama. Nimewaandikia wenye duka la aplikesheni mara nyingi. Wananijibu kwa mashine."

"Twende polisi basi."

"Tukaseme nini? Vitabu vile havina mwenyewe. Rekodi tulitangaza sisi wenyewe kwamba ni za watu wote, kila mtu afanye atakacho. Hatukuandika 'isipokuwa kuuza'. Tulijadili, unakumbuka? Wewe mwenyewe ulisema ukishatoa sadaka huifuati mfukoni mwa mtu."

Jovina alikumbuka. Alikuwa amesema hivyo, na wenzake walimpigia makofi.

"Na jina?"

Wilbert akasimama, hatua zake zikakoma. "Jina hatukulisajili. Nani angejua kuna mtu atalitaka?"

*

Ofisi ya wenye aplikesheni ile ilikuwa Sinza, ghorofa ya juu, chini yake baa iliyokuwa inafagiliwa viti vikiwa juu ya meza. Kwenye ngazi palikuwa na harufu ya bia ya jana. Mlinzi alimtazama Jovina kuanzia viatu, akamwuliza kama ameleta maombi ya kazi ya usafi. Alipotaja jina lake kwa dada wa mapokezi, dada yule aliinuka kwenye kiti.

"Mwalimu Jovina? Yule yule wa kwenye vitabu? Jamani! Sema kitu kingine, mama, sema tena."

Akaingizwa ndani kama mgeni rasmi. Meneja aliitwa Allen, kijana wa umri wa binti yake, mwembamba, amevaa saa kubwa. Aliinama kidogo kabla hajaketi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mama, huwezi amini, mie nakusikia kila siku. Hata bibi yangu kule Moshi analala na sauti yako. Wewe ndiye unayesikilizwa kuliko wote. Soda? Maji?"

Jovina alikuwa amejiandaa kwa mtu mkali. Alikuwa amepanga maneno tangu Kimara, akiyarudia kimoyomoyo. Adabu ya kijana huyu iliyavuruga. Akanywa maji, akaeleza habari za Petro: mguu, mtoto wa Mtwara, dawa. Allen alisikiliza mpaka mwisho, hakumkatiza, na usoni alionekana kuumia kweli.

"Pole sana kwa huyo mzee," alisema. "Lakini hela ikishaingia kwenye mfumo, mama, hairudi. Wala mie siwezi kuigusa. Angetakiwa ajitoe mwenyewe. Sehemu ya kujitoa ipo, kule chini kabisa."

"Haoni."

"Naelewa."

"Wote wale hawaoni. Kwao hakuna chini wala juu."

Allen alikuna shingo. Jovina akavuta pumzi, akasema lile lililomleta. "Yale maneno ya mwanzo kwa nini mliyakata? Nilisema ni mali ya watu wote. Nilisema wasimlipe mtu."

"Yalikuwa yanawachanganya wateja."

Alilisema bila kejeli yoyote, kama fundi anayeeleza kwa nini ametoa skrubu. Kisha akasogeza kiti.

"Mama yangu, nisikilize. Sisi hatujaiba. Mngekuwa mmeandika ni marufuku kuuza, nisingethubutu. Mmesema mtu yeyote, kwa jambo lolote. Kampuni nayo kisheria ni mtu. Mvua ikinyesha, wewe ukakinga ndoo ukauza, umemwibia nani?"

"Mvua haina jina. Nyie mnasema, 'Msomaji wako ni Mwalimu Jovina.' Watu wanaweka namba ya siri kwa sababu wananiamini mie."

"Ndiyo maana nasema wewe ni wa thamani," alisema Allen, na macho yakamng'aa. "Njoo tufanye kazi. Tukulipe. Ile ya kulipia, anayoisema yule binti, tunataka uiseme wewe. Wazee wakisikia sauti yako watakuwa na amani."

Jovina alisimama. Alisema hapana, akasema tena hapana, mara ya pili bila sababu, kwa vile ya kwanza ilikuwa imetosha. Akamwambia basi angalau waache kutumia jina, Tusomeane ni ya watu.

"Hilo jina tumelisajili sie, mama," Allen alisema kwa upole. "Nilitaka hata kumwandikia yule ndugu wa Dodoma. Mkiendelea kulitumia nyie, wanasheria watawasumbua. Sipendi mfike huko."

Mlangoni yule dada wa mapokezi alimtilia mfuko mkononi. "Zawadi yako, mama, usikatae." Jovina, ambaye maisha yake yote alifundisha watoto kupokea kwa mikono miwili, akapokea kwa mikono miwili. Alipoangalia akiwa barabarani aliona ni fulana. Hakutaka kuitupa njiani watu wakimtazama. Alipofika nyumbani aliiacha miguuni pa kitanda juu ya nguo zilizoanuliwa, akaenda jikoni, akajisahaulisha.

*

Kesho yake, Jumamosi, Jovina aliwahi misa ya mazishi ya mwalimu mwenzake, na Audax akajiandaa mwenyewe kwenda chamani. Alikuwa na la kusema huko. Wiki nzima alikuwa anatunga maneno: kwamba mke wake hajala senti ya mtu, kwamba wote pamoja wameibiwa na yeye Audax ndiye aliyewaongoza kwa mwizi, basi wamlaumu yeye. Akapapasa kitandani, akakuta fulana yenye harufu ya mpya. Akatabasamu. Mama Hope kaninunulia, alijiambia; hata katika haya yote kanikumbuka. Akaivaa, akaita bodaboda yule aliyemzoea, akapelekwa Mabibo.

Ukumbini alikaa mbele. Mwenyekiti, mzee Elibariki, ambaye jicho lake moja lilikuwa bado linaona kivuli, alifungua kwa sala, kisha akasema mzee Audax ana neno. Audax akasimama.

"Ndugu zangu," alianza, "mke wangu hajala hata senti moja ya hao watu. Hana uhusiano nao wowote."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Halafu mwingine, wote ni katika wale wanaoona, waliokuja kuwashika mkono jamaa zao. Audax alingoja wanyamaze. Hawakunyamaza.

"Mzee Audax," sauti ya Sesilia ilitoka upande wa dirisha, "umevaa nini?"

"Nimevaa fulana."

"Imeandikwaje?"

Audax akapitisha kiganja kifuani. Kulikuwa na maandishi, aliyasikia chini ya vidole, ya mpira, makubwa, kutoka titi hadi titi. Alipapasa herufi ya kwanza, akapapasa ya pili. Hakuwahi kujifunza kusoma kwa vidole, na hata angejua, hayo hayakuwa ya vidole.

"Sesilia, nisomee," alisema.

"Imeandikwa Tusomeane. Chini yake: Lipia, Sikiliza, Furahia."

Petro alikuwa amekaa karibu na mkewe. Hakumtetea, na Audax, aliyeijua hata pumzi yake, aliisikia pumzi hiyo tu. Mzee Elibariki akakohoa. Alisema chama ni cha amani, kwamba labda mzee Audax na Mwalimu wangepumzika kidogo kuja, mpaka mambo yatulie. Alisema "labda", lakini wote walijua si labda.

Audax aliivua fulana palepale, akaikunja vizuri, akaiacha kitini. Alirudi Kimara nyuma ya bodaboda akiwa na singlendi, mzee wa kanisa, mabega yake yenye nywele nyeupe yakipigwa jua, na pale kituoni vijana wakampigia mbinja.

Jovina alimkuta amekaa kitandani hajavaa shati lingine. Alipokwisha kuelezwa, alishika kichwa.

"Kwa nini hukuniuliza kwanza, Baba Hope?"

"Nikuulize nini? Nimwulize mke wangu kama nguo iliyo juu ya kitanda changu ni nguo?"

Tangu siku hiyo Jovina hakusoma tena. Blanketi lilirudi kuwa blanketi. Kikundi nacho kilibadili jina kwa kuogopa wanasheria. Wilbert akachagua jina jingine ambalo hakuna aliyelikumbuka, na wale waliokuwa wakitafuta Tusomeane kwenye simu zao waliipata ile moja tu ya kulipia.

*

Habari za Petro zilimfikia Jovina sokoni Mabibo, kwa mwanamke wa chama aliyekuwa anachagua nyanya na ambaye alianza kuongea kabla hajakumbuka kwamba hawaongei. Petro amelazwa. Walimkata vidole, haikutosha, wakaukata mguu chini ya goti. Sasa kuna homa, na dawa wanazoandikiwa nyingine wananunua nje. Sesilia ameuza jiko na mabeseni yake ya kukaangia mihogo. Mtoto wa Mtwara amekuja, lakini na yeye ana yake.

"Chama kinachanga," mwanamke alisema, kisha akazigeukia tena nyanya.

Jovina hakununua kitu. Alitembea kutoka sokoni hadi barabarani akifikiria ile droo ya kabati. Alijua kidonda kile hakikuanza siku ile uani kwake. Kilikuwa kimeoza kabla. Alijua pia kwamba siku ile hela ilikuwepo ndani, na aliyeinyima ni yeye, ili wanawake wa bombani wasiseme. Na wamesema vilevile.

Hakurudi nyumbani. Alikwenda Sinza.

Allen hakumsimanga. Alimpa mkataba, akamwacha ausome wote, na Jovina aliusoma kama anayesahihisha mtihani, mpaka mwisho, na hakukuta kosa hata moja la Kiswahili. Akatia sahihi. Wakamwingiza kwenye chumba kidogo chenye sponji ukutani. Kilikuwa kimya, kimya kizuri, ambacho hakuwahi kukipata chini ya blanketi. Fundi kijana, vidude masikioni, akamwekea karatasi mbele.

"Mama, ukisoma tabasamu kidogo. Inasikika."

Jovina akatabasamu, akasoma: "Mpenzi msikilizaji, mimi ni Mwalimu Jovina. Weka namba yako ya siri, tuendelee pamoja."

"Duh," fundi alisema. "Mara moja tu, imepita. Mama wewe ni noma."

Hela walisema itatoka rekodi ikishaingia hewani. Hazikupita siku nyingi. Audax ndiye aliyemwambia imeingia. Alikuwa amekaa kibarazani na simu sikioni. Jovina alidhani anasikiliza taarifa ya habari.

"Leo umeniita mpenzi msikilizaji," alisema.

Jovina aliacha kupepeta mchele. "Ni kwa ajili ya Petro. Nilitaka kukuambia."

"Sijakugombeza."

"Bora ungenigombeza."

Audax akanyoosha mkono wenye simu, akaishikilia hewani mpaka Jovina alipokuja kuipokea. "Niwekee mbali," alisema. "Sitaki kuwa nayo karibu usije ukaniomba kitu nikakupa."

Hayo ndiyo yaliyokuwa matusi yake pekee. Baada ya hapo waliendelea kuishi, wakipeana chakula na maji na habari za Hope kutoka Mwanza, lakini jioni, saa zile ambazo zamani Audax alikuwa akimwambia mkewe "nisomee kidogo, Mama Hope", alikuwa anaingia kulala.

*

Sesilia alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya wodi, miguu amenyoosha, viatu kavua. Alimwona Jovina anakuja tangu mwanzo wa korido na hakuinuka wala hakugeuza uso. Jovina akamsalimia, akakaa mwisho wa benchi, akatoa bahasha kwenye mkoba.

"Nimeleta hela ya Petro. Na nyingine juu, ya dawa."

Sesilia aliipokea. Hakuifungua, aliipima tu kwa kiganja.

"Kumbe zilikuwepo," alisema.

"Hazikuwepo, Sesilia. Nimelipwa juzi. Siku ile sikuwa nimewahi kupokea chochote, naapa."

"Nimekusikia kwenye simu ya mgonjwa wa kitanda cha pili. 'Weka namba yako ya siri.' Wewe mwenyewe, siyo yule binti." Hakuwa na hasira; alikuwa amechoka kupita hasira. "Ndiyo nasema. Zilikuwepo."

Jovina akaona kwamba kila atakalosema litakuwa limesemwa na ile sauti ya kwenye simu.

Sesilia akatia bahasha kifuani. "Nashukuru. Sirudishi, mie siyo mjinga, dawa yake ya leo sijanunua. Ukitaka kumwona ingia, muda bado haujaisha. Ila usiseme hata neno. Akikusikia atapandwa na presha, na daktari kakataza."

Wakaingia. Petro alikuwa amelazwa karibu na ukuta, mdogo kuliko shuka. Mahali ambapo mguu ungekuwa, shuka lilikuwa limelala bapa. Alisikia hatua, akageuza uso.

"Nani huyo?"

"Mama mmoja jirani," alisema Sesilia. "Kaja kukuona."

"Karibu mama. Samahani, siwezi kukaa." Alingoja. "Mbona haitiki?"

Sesilia alimtazama Jovina kidogo, halafu akatazama pembeni. "Ni bubu."

"Ahaa." Petro akanyoosha mkono hewani, na Jovina akaushika kwa mikono yake yote miwili. Ulikuwa wa moto, na bado mgumu wa patasi. "Pole yake. Mie macho yamekwenda, mguu umekwenda, lakini mdomo ninao, namwambia daktari panaponiuma. Huyu panapomuuma anamwambia nani?"

Muuguzi akapita akisema muda wa kuona wagonjwa umekwisha. Jovina akauachia ule mkono, akauweka taratibu juu ya shuka, akarudi nyuma hatua kwa hatua hadi mlangoni.

"Mwambie ahsante kwa kuja," Petro alimwambia mkewe. "Au hasikii pia?"

"Anasikia," alisema Sesilia.